Kuhama nyumba ukiwa na kuku anayeatamia

Mwenye nyumba akikupa notisi ya mwezi mmoja, kila kilichomo ndani kinaweza kufungashwa isipokuwa kuku aliyelalia mayai. Kabati hufunguliwa vipande vipande, jiko huzimwa, jogoo hukamatwa alfajiri akatiwa tengani. Lakini kuku anayeatamia chini ya kitanda cha watoto au kwenye kona ya stoo amejifunga mahali hapo kwa siku 21, wala hana habari na mkataba wako wa pango. Mwongozo huu unamhusu kuku huyo mmoja. Nimemkusudia mtu anayehama ndani ya Dodoma, kwa mfano anayetoka chumba cha kupanga Chang'ombe au Nkuhungu kwenda kwenye nyumba yake mwenyewe Nala, Iyumbu au Mtumba, safari isiyozidi saa moja. Anayehamia mkoa mwingine kwa safari ya kutwa nzima nina ushauri mfupi kwake: asimsafirishe, bali amwachie jirani anayemwamini, aje kumchukua pamoja na vifaranga wake.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba kinachohamishwa ni kiota, si kuku. Kuku anayeatamia amefungamana na mahali: umbo la shimo alilolichimba kwa kifua, giza lake, ukuta anaouegemea, hata harufu ya nyasi zilizomo. Ukimchukua kuku mkono mmoja na mayai mkono wa pili, umebeba vitu viwili ambavyo vikifika ugenini havitatambuana. Mara ya kwanza nilifanya hivyo hasa. Nilihama saa saba mchana, mayai 12 yakiwa kwenye beseni la plastiki juu ya nguo kuukuu, kuku akiwa tengani nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na magodoro. Tulipofika nikamtengenezea kiota kizuri kuliko kile alichokiacha, nikampandisha juu ya mayai yake. Alisimama. Akakunja mguu mmoja, akayatazama mayai kama ya kuku wa jirani, kisha akashuka na kuanza kuparua udongo mlangoni. Hadi jioni mayai yalikuwa yamepoa kama mawe ya mtoni, na baada ya wiki moja tuliyatupa yote yakiwa viza.

Kuzijua siku

Hesabu ya siku 21 haianzi siku yai la kwanza lilipotagwa, bali usiku wa kwanza kuku alipolala juu ya kiota badala ya kupanda kichanjani na wenzake. Andika tarehe hiyo ukutani kwa mkaa au kwenye kalenda, kwa kuwa uamuzi wote unaofuata unaitegemea. Ikiwa kuku wako amewekewa mayai ya kanga, kama wengi wanavyofanya huku kwetu, hesabu inasogea hadi siku 26 au 28, na mayai ya bata wa kawaida huchukua siku 28.

Siku hizo hazilingani kwa uvumilivu. Katika wiki ya kwanza mishipa ya damu inatandaa juu ya kiini kama mizizi ya mche, na mtikisiko mkali unaweza kuikata. Yai litaendelea kuonekana zima kwa nje ilhali ndani limekufa. Katika siku tatu za mwisho, kuanzia siku ya 18, kifaranga anageuza kichwa kukielekeza kwenye chumba cha hewa kilicho upande mnene wa yai, ili apate kulitoboa ganda. Yai likigeuzwa-geuzwa wakati huo, huenda akakosa njia. Nafasi iliyobaki katikati, kwa maoni yangu kati ya siku ya 10 na ya 17, ndiyo ya kuhamia. Kiumbe kimekwisha kushikamana vizuri, nacho kimeanza kutoa joto lake chenyewe kidogo, kwa hiyo kinastahimili kupoa kwa muda kuliko kilivyokuwa mwanzoni.

Basi ukipewa notisi ya siku 30 na kuku ana siku mbili tu kiotini, ngoja. Una nafasi ya kutosha hata ya kusubiri atotoe palepale. Akiwa na siku 18 notisi inapokwisha, ngoja vilevile, hata kama itakubidi umwombe mwenye nyumba siku nne za nyongeza kwa ajili ya kuku. Atacheka, lakini sijaona aliyekataa. Na kama kuku bado anataga, hajaanza kuatamia, hali yako ni nyepesi zaidi kuliko zote: kila jioni yaondoe mayai ukimwachia moja ili asihame kiota, yahifadhi yakiwa upande mwembamba umeelekea chini, na umwekee yote baada ya kuhama. Mayai hayo yasikae zaidi ya siku saba hadi kumi. Katika nyumba ya bati mwezi Oktoba, mchana chumba kina joto la kutosha kuyaamsha mayai nusunusu, jambo linaloyaharibu, kwa hiyo yaweke kwenye bakuli la mchanga kando ya mtungi wa maji, ambapo sakafu ina ubaridi.

Kuyapima mayai

Kabla ya kubeba yai lolote, hakikisha linastahili kubebwa. Usiku, zima taa, chukua bomba la katikati la karatasi ya chooni, liweke juu ya tochi ya simu, kisha simamisha yai juu ya bomba upande mnene ukiwa chini kwenye mwanga. Yai la siku ya 10 lililo hai huonyesha kivuli cheusi chenye mishipa myekundu inayosambaa mithili ya miguu ya buibui, na ukitulia utaona kivuli kikitikisika. Lenye mwanga mtupu wa manjano halikuwa na mbegu. Lenye pete nyembamba ya damu isiyo na mishipa lilianza likafa. Mayai ya aina hizo mbili yaondoe, lakini usiyatupe papo hapo: weka alama ya kalamu kwenye matatu kati yake, kwa sababu utayahitaji baadaye kama mayai ya majaribio. Yenye harufu au yanayotoa jasho la kijivu yatoe nje ya nyumba kwa uangalifu, maana yai viza likipasuka ndani ya kiota huwachafua wenzake wote.

Kwa kuku wa kienyeji wa ukubwa wa kawaida, mayai 10 hadi 13 yanatosha. Akizidishiwa, yale ya pembeni hupoa kwa zamu, na safarini ndiyo yanayogongana.

Kumhamisha bila kuhama

Hatua hii ndiyo iliyoniokoa mara ya pili, nami ningependa uichukue kwa uzito kuliko nyingine zote. Siku nne au tano kabla ya kuhama, mwondoe kuku pale alipo umtie ndani ya boksi litakalosafiri, lakini boksi lenyewe uliweke palepale kiota kilipokuwa. Boksi la kartoni lililobebea trei za mayai au televisheni ndogo linafaa, mradi kuku aweze kugeuka ndani bila kusimama juu ya mayai. Karai la zamani lililowekwa ndani ya boksi ni zuri zaidi, kwa kuwa lina umbo la bakuli na mayai hujikusanya katikati yenyewe. Tandika udongo wenye unyevunyevu kidogo, kiasi cha vidole vitatu, uukandamize katikati uwe shimo jepesi, kisha tia nyasi zilezile za kiota cha zamani. Maranda mapya yanapendeza machoni, lakini kuku hayajui. Changanya majivu makavu kiasi cha kiganja pembezoni kwa ajili ya utitiri, kwa sababu kuku anayewashwa haketi.

Uhamisho huo wa hatua moja ufanye usiku, saa tatu au nne, bila taa kubwa. Kuku haoni vizuri gizani na huwa mtulivu. Ingiza mikono miwili chini ya kifua chake, kiganja juu, mwinue polepole ukihakikisha hakuna yai lililonaswa kwenye bawa, kwani yai lililonaswa huanguka ukishamwinua na kuyapasua mengine. Anza kwa kuweka yale mayai matatu ya majaribio. Asubuhi ukimkuta ametulia juu yake, manyoya yameumuka na akikukoromea ukikaribia, mpe mayai halisi usiku unaofuata. Huo usiku mmoja wa katikati mayai halisi yaatamiwe na kuku mwingine kama unaye. Kama huna, nakushauri umpe yote mara moja na uamke alfajiri kumwangalia.

Bibi mmoja jirani yetu wa zamani, mzaliwa wa Bahi, ndiye aliyenieleza tofauti ambayo sikuwa nikiitilia maanani. Alinikuta nahangaika na kuku mchanga akaniambia, "Mjukuu wangu, huyo ni tembe, bado hajajua kazi. Ungekuwa na koo ungelala usingizi." Msomaji wa Dodoma atatabasamu hapo, kwa kuwa tembe kwetu ni pia ile nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, lakini bibi alikuwa na haki. Kuku anayeatamia kwa mara ya kwanza huvunjika moyo kwa jambo dogo, ilhali koo aliyekwisha kulea vifaranga mara mbili au tatu huvumilia hata boksi lake likisogezwa chumba hadi chumba. Ikiwa wako ni tembe, msogezee boksi kwa hatua fupi kila usiku hadi karibu na mlango, ili safari yenyewe iwe ni hatua nyingine tu.

Jioni ya kuhama

Mizigo yote itangulie mchana. Kuku wengine pia watangulie, wakiwa matengani yenye nafasi, si wakining'inizwa miguu juu kwenye mpini wa baiskeli. Na wakifika wafungiwe bandani kwa wiki moja, la sivyo kama nyumba mpya iko karibu watarudi kwenye ile ya zamani kwa miguu yao. Anayeatamia awe wa mwisho kutoka, baada ya jua kuzama.

Kwenye saa kumi na moja jioni mtoe kiotini ale, anywe na ajisaidie. Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku kwa dakika 15 hadi 30, na hukusanya kinyesi chake kikawa donge kubwa lenye harufu kali kupita ya kawaida. Ukimfungia boksini bila kumpa nafasi hiyo, atalitoa juu ya mayai katikati ya safari, na kinyesi kinachoziba vitundu vya ganda ni hasara kuliko mtikisiko. Mpe mtama au mahindi yaliyoparazwa, siyo pumba nyevu. Akirudi mwenyewe kuketi, funika boksi kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, ukiwa umelitoboa matundu ya hewa ubavuni, na usimtilie maji ndani.

Watu wengi huogopa baridi ya Dodoma ya mwezi Juni na Julai, wakasahau adui aliye mkali zaidi. Mayai yaliyo chini ya kuku yana joto la nyuzi 37 na nusu hivi. Yakipoa kwa nusu saa au hata saa moja katika wiki ya pili, kwa kawaida huendelea baada ya kupashwa, pengine yakachelewa kutotoa kwa siku moja. Yakipita nyuzi 40 hufa kwa muda mfupi. Ndani ya gari lililosimama juani saa nane mchana mwezi Novemba, madirisha yakiwa yamefungwa, joto hupita hapo bila shida. Ndiyo maana nasisitiza usiku, na ndiyo maana boksi lisiwekwe nyuma ya kirikuu chini ya turubai wala juu ya bati la injini ambalo huunguza hata sandali.

Boksi likae mapajani mwa mtu mzima aliyeketi mbele, kwa kuwa mapaja ya binadamu humeza mtikisiko kuliko godoro lolote. Mwambie dereva mapema, kabla ya kupatana bei, kwamba atakwenda polepole kwenye matuta na rasta, na kwamba barabara ya vumbi ataipita kwa mwendo wa baiskeli. Dereva aliyeambiwa baada ya safari kuanza hukasirika. Bajaji inawezekana kwa umbali mdogo, ila gurudumu lake la mbele huingia kila shimo. Bodaboda haifai hata kidogo. Nilipohama mara ya pili, mke wangu alishika boksi kutoka Nkuhungu hadi tulipofika, mkono mmoja ukiwa chini ya kanga juu ya mgongo wa kuku, na kila tulipopita tuta alimsikia akitoa sauti ndogo ya kooni, ile ambayo kuku huwaitia vifaranga, kisha kimya.

Ukivuka mpaka wa wilaya, muulize afisa mifugo wa kata yako kabla ya siku hiyo kuhusu kibali cha kusafirisha mifugo. Muulize pia kama kuna kideri, ugonjwa wa kuku unaoua kwa wingi, kule unakohamia. Kuku wote wachanjwe angalau wiki mbili kabla ya kuhama, kwani kinga haiji siku ileile ya chanjo, na msimu wa kiangazi ndio kideri kinapopita kwenye mitaa na kufagia mabanda. Ukisikia kwamba kuku wa majirani wapya wanakufa, acha kabisa kumpeleka.

Nyumba mpya

Chumba cha kuku kiwe tayari kabla ya chumba chako cha kulala. Wengi wetu tunahamia kwenye pagale ambalo bado halina madirisha, na upepo wa Dodoma hupita humo na vumbi lake. Ziba dirisha moja kwa mabati au gunia, upate kona yenye giza isiyopitiwa na watu. Epuka chumba kilichopakwa rangi wiki hiyo. Kagua sakafu kwa tochi ukitafuta njia za siafu, kwa sababu siafu wakikuta yai lililoanza kudonolewa na kifaranga humla kabla hajatoka. Weka boksi juu ya matofali manne, kila tofali likizungukwa na majivu. Ziba na mashimo yote chini ya mlango, maana viwanja vipya vya pembezoni bado ni vya nguchiro, kenge na nyoka waliokuwepo kabla yetu.

Ukifika, weka boksi, ondoa kanga taratibu, funga mlango, ondoka. Usiwashe taa kumwangalia. Usiwaite watoto. Alfajiri saa kumi na mbili ndipo uingie, na kama ameketi weka maji na chakula umbali wa hatua moja kutoka boksini, asilazimike kutafuta. Asitoke chumbani humo hadi atotoe: akitoka nje ataanza kuitafuta nyumba ya zamani, na hata asipoitafuta hatajua njia ya kurudi kiotini. Siku mbili za kwanza kaa mlangoni anapokula, na ikipita nusu saa hajarudi, mrudishe kwa mikono.

Akigoma, usishindane naye mchana. Yapashe mayai kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitenge, maji ambayo ngozi ya ndani ya mkono inayavumilia bila kuungua, ukiyabadilisha kila yanapopoa, na umrudishe usiku ukimfunika kwa tenga lililoinamishwa. Akigoma usiku wa pili pia, basi amekata shauri. Yagawe mayai kwa kuku mwingine anayeatamia, hata wa jirani, au yapeleke kwa mtu mwenye mashine ya kutotolesha, mkubaliane malipo kwa kila yai.

Kuanzia siku ya 18 acha kugusa mayai. Kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu sana, na utando wa ndani ya ganda unaweza kukakamaa ukamshinda kifaranga. Nyunyiza maji ya vuguvugu kidogo kwenye udongo wa pembeni ya kiota mara moja kwa siku, wakati kuku ametoka kula, bila kuyalowesha mayai. Siku ya 21 ikipita kimya, usivunje yai kuchungulia, kwa sababu yaliyopoa njiani huchelewa; subiri hadi siku ya 23 iishe. Mimi kati ya mayai 11 niliyoyahamisha mara ya pili nilipata vifaranga 9, wa mwisho akitoka jioni ya siku ya 22.

Wakishakauka na mama yao kushuka nao, watoe boksini siku hiyohiyo. Nyasi, kartoni na maganda yachome moto mbali na banda, kwa kuwa utitiri uliosafiri nao umo humo, na karai likaushwe juani kwa siku mbili kabla ya kutumika tena.